MAONI: Kivinjari kikikusahau kila siku, usikimbilie kumpa mtu nenosiri lako

Hali hii bila shaka unaijua. Asubuhi umeingia kwenye akaunti yako, umeandika nenosiri, ukangoja ile nambari ya siri itumwe kwa simu. Ukifunga kivinjari na kukifungua tena, unaulizwa upya wewe ni nani. Kesho ni vivyo hivyo.

Hapo ndipo vijana wengi hupotoka. Mmoja anabadilisha nenosiri liwe 123456 ati asisumbuke kuliandika. Mwingine anamwachia jamaa wa saiba nenosiri "amsaidie". Maoni yangu ni kwamba kero hii ndogo inatufanya tuwafungulie wezi mlango, ilhali mara nyingi haihitaji fundi.

Elewa kwanza mambo yalivyo. Ukishaingia, tovuti hukipa kivinjari chako kijifaili kiitwacho kidakuzi. Kichukulie kama ile kadi ndogo yenye nambari unayopewa ukiacha mkoba mlangoni mwa supamaketi. Ukirudi nayo, unatambuliwa. Ikipotea, unaanza upya. Lou Montulli wa kampuni ya Netscape ndiye aliyebuni vidakuzi mwaka wa 1994, na hadi leo tovuti hututambua kwa njia hiyo.

Basi jiulize: nani anaitupa kadi yako? Anza na dirisha unalotumia. Kama ni la hali fiche, vidakuzi hufutwa pindi unapolifunga. Kisha fungua mipangilio, sehemu ya faragha, uone kama kivinjari kimeamriwa kufuta vidakuzi kila kinapofungwa au kuvizuia kabisa. Angalia pia zile programu za "kusafisha simu", maana nyingine hufagia hata usichotaka kifagiliwe. Viendelezi navyo, vizime kimoja kimoja hadi umpate mkosaji.

Usisahau saa. Kidakuzi huwa na tarehe ya mwisho, kwa hivyo kompyuta ikiwa imetangulia mwaka mzima, kitaonekana kimeshapitwa na wakati. Na ukibofya kiungo ndani ya Facebook, huenda ukurasa ukafunguka katika kivinjari cha humo humo ndani, ambacho hakijui kwamba tayari umeingia kupitia Chrome.

Lakini sikiza, kusahauliwa si kubaya kila mara. Kwenye kompyuta ya saiba au ya rafiki, unapaswa kutaka usahauliwe. Tumia hali fiche, na ukimaliza, bofya kitufe cha kuondoka kabla hujasimama. Anayeketi baada yako akikuta kidakuzi chako, anaweza kuingia kwa akaunti yako bila hata kujua nenosiri. Fikiria akaunti yenyewe ni ile ya mkopo wa masomo, ya kuomba nafasi ya chuo, au barua pepe inayotumika kubadilisha manenosiri yako yote.

Tunajiita kizazi cha dijitali, lakini wengi wetu hatujawahi kufungua ukurasa wa mipangilio hata siku moja. Ufungue leo. Kwa simu yako, kiambie kivinjari kikukumbuke. Kwa mashine ya wenyewe, kiambie kikusahau. Na nenosiri, rafiki yangu, libaki kuwa lako peke yako.