Shahada si Ufuta, Mjomba

Wenzangu wa kalamu, leo siji na shairi wala hadithi. Nakuja na ugomvi, tena ugomvi wa nyumbani kwetu Milola, mkoani Lindi. Naomba mnisikilize, maana najua wengi wenu mnao ugomvi kama huu, ila mnaona haya kuusema.

Matokeo yangu ya kidato cha sita yametoka. Nilisoma HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza, na nimefaulu. Mzee keshauza ufuta mnadani, vijisenti vya kuanzia chuo vipo. Kilichobaki ni kujaza fomu. Mimi nataka Kiswahili, lugha na fasihi yake. Mjomba anataka nisome ugavi. Na anayetujua Wamwera anaelewa: mjomba akishasema, baba hukohoa tu.

"Mpwa wangu," kasema mbele ya kijiwe kizima, "Kiswahili umezaliwa nacho. Nani atakulipa kwa kitu ambacho hata mbuzi wa Milola wanakielewa?"

Watu wakacheka. Nami nikacheka. Usiku sikulala.

Kilichoninyima usingizi si mbuzi, ni dada yangu. Mwaka 2012 alikaa pale pale nilipokaa mimi, na mjomba ni huyu huyu. Dada alitaka sheria. Mjomba akasema sheria ni ya watoto wa wakubwa, kasome ualimu, ajira yake iko mkononi. Na kweli, wakati ule maneno hayo yalikuwa na mantiki. Tangu mpango wa MMES uanze mwaka 2004, shule za kata ziliota kila mahali na walimu hawakutosha. Mhitimu alikuwa anasubiri tu majina yatoke, apangiwe kituo, abebe godoro.

Dada akamaliza 2015, Historia na Kiswahili. Mlango ulikuwa umeanza kufungwa, hasa kwa walimu wa masomo ya sanaa. Akasubiri mwaka, miwili, kumi. Mwanzoni mwa 2025, walimu walipoitwa kwenye usaili, nafasi zilikuwa elfu kumi na nne na ushee, na walioomba walizidi laki mbili. Dada alikuwa mmojawao. Karudi Milola, anakaanga maandazi.

Sasa nisikilizeni vizuri. Mimi siwacheki wanaokaanga maandazi, nimekula mengi. Linaloniuma ni hili: dada amekosa ajira katika kazi ambayo hakuipenda hata siku moja. Angesoma sheria akakosa kazi, angebaki angalau na sheria yake kichwani, awasomee wanakijiji mikataba ya mashamba. Yeye alitoa moyo wake rehani ili apate mshahara, mshahara haukuja, na moyo haukurudishwa.

Na mjomba? Mjomba yupo, anakunywa kahawa. Anasema ualimu umekufa, siku hizi ni ugavi. Anasema kwa sauti ile ile ya 2012.

Wazee wetu wa Kusini walikwisha kuona hesabu za namna hii. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilipungukiwa mafuta ya kula. Wataalamu wakakaa London na kalamu zao: karanga zilimwe Tanganyika, mamilioni ya ekari, Kongwa, Urambo na hapa kwetu Nachingwea. Matrekta yakaletwa. Reli ikajengwa kutoka pwani ya Lindi hadi Nachingwea. Mwaka 1951 mpango ukafutwa, pauni zaidi ya milioni 30 zimeteketea, na miaka ya 1960 reli nayo ikang'olewa. Wale walikuwa na wataalamu na serikali nzima nyuma yao, bado udongo uliwashinda. Mjomba ana simu na maneno aliyoyaokota Buguruni.

Jambo la ajabu ni kwamba shambani mjomba hana ujinga huu. Msimu wa 2017 kilo ya korosho ilifika karibu shilingi 4,000. Mwaka uliofuata wanunuzi wakaleta bei ya kutukana, mpaka Serikali ikatangaza kununua yenyewe kwa 3,300 na jeshi likapewa kazi ya kuzisomba. Je, mjomba aling'oa mikorosho yake? Thubutu! Mkorosho unaangalia udongo na miaka, huchezi nao kwa bei ya msimu mmoja. Ufuta ndio wa kufuata bei. Ukianguka mwaka huu, mwakani unapanda kitu kingine.

Shahada ni mkorosho, jamani. Unaipanda mara moja, inachukua miaka mitatu kuanza kuzaa, kisha unaishi chini ya kivuli chake mpaka uzeeni. Mbona mnatulazimisha tuichague kama ufuta?

Lakini nisiwaache na ninyi, washairi wa mjini. Mnaandika kila siku: fuata moyo wako, njaa ni chakula cha msanii. Aliyeandika hivyo ana chumba kwa baba yake Sinza, na jioni kuna wali. Mzee wangu ameinama juani tangu Januari kupata magunia machache. Nikienda chuo nikarudi na diwani isiyochapwa na madeni, nitakuwa nimeula ufuta wake bure. Na mkopo wa bodi si zawadi: ukiajiriwa unakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi mpaka uishe.

Wala sitajitetea kwa kusema Kiswahili kina soko siku hizi, kwamba UNESCO wamekitengea tarehe 7 Julai tangu 2021 na Umoja wa Afrika wanakitumia. Hayo yananifurahisha, ila nayo ni bei ya msimu. Nikichagua Kiswahili kwa sababu hiyo, nitakuwa mjomba mdogo.

Mkulima wa kwetu anafanyaje mikorosho yake ikiwa bado michanga? Halali njaa akiisubiri. Katikati ya mistari anapanda ufuta, kunde, mihogo. Anakula kwa hicho huku miti inakua. Shaaban Robert aliishi hivyo. Kuanzia 1926 hadi 1944 alikuwa mtumishi wa forodha, akaendelea na kazi nyingine za ofisini, na vitabu vikatoka humo humo. Forodha ilimlisha. Lakini hakuna aliyemwambia aache kutunga kwa sababu forodha inalipa, au kama yupo, hakusikilizwa.

Basi nimejaza fomu. Chaguo la kwanza: Kiswahili. Na nimemwambia Mzee kilichopo katikati ya mistari: misimu miwili nimekuwa karani wa mizani pale ghalani, najua kupima, kuandika stakabadhi na kufunga hesabu bila gunia kupotea. Kila likizo nitarudi kwenye mizani. Chuoni nitatafuta kuchapa na kusahihisha kazi za wenzangu kwa malipo. Ni kubangaiza, ndiyo. Ila ni kubangaiza nikiwa njiani kwenda ninakotaka.

Mzee alikohoa. Kisha akauliza ufuta wa mwakani nitakuwepo kuuvuna au la. Nikajua kakubali.

Mjomba bado hajasema nami. Dada ndiye aliyepeleka fomu Lindi mjini, mwenyewe aliomba kuipeleka. Aliporudi aliniambia kaulizia na habari za kusoma sheria jioni jioni, akiwa na miaka yake thelathini na ushee. Mjomba hajaambiwa.

Mwenye hoja ya kunipinga na ailete, ukurasa upo.