Kazi za Mikono Nyumbani: Kioo Kilicholegea



Kioo cha mlango wa motokari yetu kilianza kugongagonga njiani. Tulikunja kipande cha karatasi ngumu, tukakichomeka pembeni mwa kioo, nayo kelele ikakoma. Tukajiona wenye akili. Juma la tatu, usiku wa mvua kubwa, tulikuwa tukimpeleka hospitalini mke wa jirani yetu, naye ameshikwa na uchungu wa kuzaa. Mara kioo kikaporomoka ndani ya mlango, na mama yule akalowa mpaka tulipofika. Alijifungua salama, Mungu ashukuriwe. Lakini sisi tuliona haya. Karatasi yetu ilikuwa imenyamazisha kelele, wala haikuponya ugonjwa.

Kesho yake tuliufungua mlango ule wenyewe. Haya tuliyojifunza huenda yakawafaa baba wengine wa nyumba.

Kwanza fahamuni jinsi kioo kinavyokaa. Pande zake mbili hupita katika mifereji yenye mpira au kitambaa kizito. Ukingo wake wa chini umeshikwa na chuma, na chuma hicho huinuliwa na mkono uliofichwa ndani ya mlango, mtu azungushapo kishikio. Basi kioo hulegea kwa sababu kama hizi: mpira wa mifereji umechakaa, au nati za mkono zimelegea kwa mitikisiko ya barabara, au kioo kimechomoka katika chuma chake.

Kabla ya kufungua chochote, inueni kioo mpaka juu, mkifunge kwa utepe wa gundi wenye nguvu unaopita juu ya mlango, ndani na nje. Watoto wasitie vidole mlangoni. Kisha ondoeni kishikio. Baadhi hushikwa na skrubu. Vingine hushikwa na kibanio cha waya kilicho nyuma yake, nacho hutoka mkipitisha kitambaa nyuma ya kishikio na kukivuta huku na huku. Fungueni skrubu za bitana ya mlango, mkaibandue polepole kwa bisibisi iliyozungushiwa kitambaa. Karatasi ya nailoni iliyo nyuma yake msiitupe, kwa maana ndiyo izuiayo maji yasiingie ndani.

Sasa mulikeni kwa tochi. Nati zilizolegea zikazeni. Mpira uliochakaa ubadilisheni. Kioo kilichochomoka kisafisheni pamoja na chuma chake, mkaushe vyote viwili, mtie mpira mpya katikati, mkaupake maji ya sabuni. Kisha rudisheni chuma mahali pake kwa kukigonga taratibu kwa kipande cha mti. Nyundo ya chuma isiguse kioo: kioo cha mlango kikipigwa ukingoni huweza kuvunjika chote vipande vidogovidogo. Grisi pakeni mkono wa chuma tu. Katika mifereji hukamata vumbi. Mwisho zibueni matundu ya chini ya mlango, maji yapate kutoka, chuma kisile kutu.

Motokari yenye vioo vya umeme, au yenye mfuko wa hewa mlangoni, ipelekeni kwa fundi. Kujua mpaka wa ujuzi wako nako ni ujuzi.

Kazi yote ilichukua saa tatu hivi. Mwanafunzi mmoja alipita, akastaajabu kumwona mwalimu wake ana grisi mpaka viwikoni. Tulimkumbusha kwamba mwaka 1955 Papa Pio XII aliweka sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, tarehe 1 Mei. Yule aliyemlea Mwana wa Mungu alikuwa seremala. Kijana akavua viatu, akatushikia tochi.

Basi, wapenzi, jambo likianza kugonga nyumbani mwenu, msilichomekee karatasi. Lifungueni mapema, mlitazame kwa taa, mkaze kilicholegea. Siku ya mvua haitoi habari.