Kindege wa Arabuko na Adabu ya Kunyamaza



Ndugu wasomaji, Jumamosi iliyopita, baada ya sala ya Alfajiri, tuliongozana na watoto sita wa madrasa hadi msitu wa Arabuko-Sokoke, kati ya Kilifi na Malindi. Niya yetu ilikuwa kumtazama akalati wa pwani, kindege wa sentimita 12 hivi, mwenye mbawa za kijivu cha samawati na kifua cha manjano kama embe bivu. Pamoja na uzuri huo hapendi kuonekana. Riziki yake ni wadudu wa chini ya vichaka, penye kivuli na majani makavu.

Tulipofika tulianza kuwaeleza watoto kudura ya Mola, na sauti yetu ikapanda kama tuko juu ya mimbari. Nusu saa ikapita, hapana ndege. Ndipo mdogo wao alipotuvuta kanzu, akanong'ona: “Maalim, tuwiye radhi, tunyamaze kidogo.”

Tuliona haya, tukachutama kimya. Punde jani likatikisika pasipo upepo. Akatokea, akadonoa, akasimama juu ya kijiti, akatoweka.

Katika Suratul An'aam, aya ya 38, tumefunzwa kuwa ndege nao ni umma kama sisi. Na katika Hadithi iliyopokewa na Abu Dawud, Mtume (S.A.W.) aliamrisha makinda yaliyochukuliwa yarejeshwe kwa mama yao. Twayasoma haya tangu utotoni, na utotoni huohuo tulitega ndege kwa ulimbo. Mwenyezi Mungu atusamehe.

Leo manati si hatari pekee. Akalati huyu amebaki katika misitu michache ya Kenya, Tanzania, Msumbiji na Malawi. Mwenye kufyeka vichaka vya chini humbomolea nyumba bila hata kumwona. Kwa mbali miti mirefu ingali imesimama, nasi twadhani msitu u mzima.

Basi wazazi, tuwapokonye wana manati, na tunaponunua kuni na makaa tuulize yametoka wapi. Nasi waalimu tujifunze kunyamaza, kwani siku ile aliyesomesha alikuwa mtoto.

Wabillahi tawfiq.