Kompyuta ya Mwanetu Imechoka: Tubadilishe Nini?

Mwezi huu tunaomba tuweke kando habari za watoto wachanga, tuzungumze juu ya chombo ambacho siku hizi kimo katika nyumba nyingi, nacho ni kompyuta ya michezo. Najua wako watakaosema kwamba hayo ni mambo ya akina baba na vijana. Hata sisi tulisema hivyo hivyo, mpaka yalipotufika.

Mwaka 2019 baba watoto aliwanunulia watoto kompyuta ya mezani iliyokwisha kutumika, Dell OptiPlex 7010, ile nyembamba ya ofisini. Aina hiyo ilitoka mwaka 2012. Ndani ilikuwa na prosesa ya Intel Core i5-3470, RAM ya GB 4 na hadi diski ya GB 500, na muuzaji akaongezea kadi ndogo ya picha, GT 1030. Kazi za shule zilifanyika, na jioni kijana wetu akacheza mpira wake, FIFA 19. Lakini kadiri miaka ilivyopita mashine ikawa nzito. Inawaka kwa dakika nyingi, feni inavuma kama mashine ya kusaga, na katikati ya mchezo picha inaganda. Ikija kufunguka, mpira uko wavuni na si yeye aliyefunga.

Kijana ana miaka 16 sasa. Akatuomba kadi kubwa ya picha. Tukamjibu, "Ngoja kwanza, kuna ada." Akaomba tena, tukasema ngoja. Baadaye akanyamaza, nasi tukamshukuru Mungu kwa mtoto mtii.

Wasomaji wetu mnajua kwamba kazi yetu ni uuguzi. Kila wiki tunapima watoto wa wenzetu kwenye mizani na kuwauliza mama zao wanakula nini. Wa kwetu hatukumwona. Jumapili moja, tukijiandaa kwenda ibadani, tuliona mkanda wake umetobolewa tundu jipya kwa msumari. Tulipompima alikuwa amepungua kilo 4 tangu Januari. Tuliogopa magonjwa yote tunayoyajua. Kumbe alikuwa akiweka shilingi 1,500 za chakula cha mchana, siku kwa siku, kwa siku 40 za shule. (Siku 40! Na wala hakuna aliyemwagiza kufunga.) Zile 60,000 alikuwa amezipeleka dukani kama malipo ya awali ya kadi ya shilingi 280,000. Risiti iliandikwa kwa mkono kwamba fedha ikishalipwa hairudishwi.

Baba watoto alikasirika, akataka kompyuta iuzwe siku hiyo hiyo. Hatukumlaumu, maana mtoto alikuwa ametudanganya kila jioni tulipomuuliza kama amekula. Lakini nasi tulimwambia ngoja bila kumwambia hadi lini, wala hatukuuliza hiyo kadi ni kitu gani. Tukaomba tupewe juma moja.

Tukamwita kijana mmoja wa kwaya ambaye ni fundi wa kompyuta. Jambo la kwanza alitaka kuiona kadi yenyewe, wakaenda wote wawili dukani. Ilikuwa ndefu na pana, haiingii katika lile boksi jembamba hata kwa kulazimisha. Tena ilihitaji waya wake wa umeme wenye pini sita, na pawa saplai ya mashine yetu haina waya huo. Pawa saplai hiyo ni ya wati 240 tu, na umbo lake ni la boksi hilo, kwa hiyo huwezi kuichomoa na kuweka ya kawaida. Mwanetu alishinda njaa kwa ajili ya kitu kisichoweza hata kufungwa ndani ya kompyuta yake. Alipotueleza hayo alikuwa ameinamisha kichwa, na baba yake hakusema neno.

Basi hapa ndipo tulipojifunza. Wodini huwezi kumpa mgonjwa dawa kwa sababu jirani wa kitanda ilimsaidia, unapima kwanza. Kompyuta nayo hupimwa, tena bila fedha. Wakati mchezo unaendelea unabonyeza vitufe vya Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, inafunguka Task Manager, nayo inaonyesha kila kiungo kinafanya kazi asilimia ngapi. Kadi ya picha ikiwa inafika 100 huku prosesa ina nafasi, basi kadi ndiyo iliyoelemewa. Prosesa ikiwa ndiyo iliyofika 100 na kadi imepumzika, kununua kadi kubwa ni kumwongezea mizigo mpagazi aliyekwisha kuchoka. Ya kwetu ilionyesha jambo la tatu: RAM asilimia 94, hadi diski 100, na kadi inayolaumiwa haikufika hata nusu.

Kwa mama asiyezoea maneno haya, RAM ni kama meza ya jikoni na hadi diski ni kama stoo. Meza ikiwa ndogo, mpishi anabaki kukimbia stoo kila mara. Hadi diski ya zamani ina sahani zinazozunguka, kwa hiyo stoo yenyewe iko mbali. SSD haina kitu kinachozunguka, na ndiyo maana mashine iliyowekewa SSD huonekana kama imezaliwa upya, hata kwa mama anayeandika barua za Umoja wa Wanawake tu.

Fundi akapima na joto kwa programu ndogo ya bure. Prosesa ilifika nyuzi 96. Ikikaribia 100 inajipunguzia mwendo yenyewe ili isiungue. Akachomoa waya wa umeme, akafungua kava. Akina mama, vumbi lililokuwa humo! Limejibana kwenye feni kama pamba ya mto. Tunapiga deki kila siku na kitu hicho hatujakifungua tangu kiingie nyumbani. Alilisafisha kwa brashi, akiwa ameizuia feni kwa kidole isizunguke. Kisha akaifuta ile dawa ya kupitishia joto iliyokauka juu ya prosesa, akapaka mpya kiasi cha punje ya njegere. Tulikimbilia kumpa spiriti yetu ya sindano, akaisoma chupa na kusema anataka isiyochanganywa na mafuta. Kazi ilichukua saa moja, na joto likashuka hadi nyuzi 70 na kitu. Hatujanunua kiungo chochote bado na mashine imeacha kuvuma.

Ikabaki ile 60,000. Tulikwenda dukani wenyewe, tukamwamkia muuzaji, tukaongea naye kwa upole. Fedha hakurudisha, ila alikubali tuchukue vitu vingine vya thamani hiyo. Tukachukua RAM mbili za GB 4 zilizotumika. Hapa muwe macho. Mashine ya umri huu inatumia RAM ya DDR3, na DDR4 haiingii, kwa kuwa pengo lake liko mahali pengine. Tena ziko ndefu za kompyuta ya mezani na fupi za laptopu. Na msinunue kwa jina la mashine peke yake, maana mwaka 2023 Dell walitoa kompyuta nyingine mpya kabisa wakaipa jina lile lile, OptiPlex 7010. Afadhali uchomoe ile ya zamani, uifunge kwenye kitambaa, uende nayo dukani. Kwa kuwa ile GB 4 iliyokuwemo ilibaki, sasa tuna jumla ya GB 12.

SSD ya GB 240 tuliinunua sisi. Mabishano yalikuwa hapo. Baba watoto aliuliza, na ni swali zuri, kwa nini tutie fedha katika mashine ya 2012? Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 kwa watu wote tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka, kwa upande wa Intel, prosesa za kizazi cha nane na kuendelea. Yetu ni ya kizazi cha tatu. Kwa hiyo mashine hii hatufanyii mambo ya benki wala hatuweki nyaraka za familia. Tumeiachia michezo na mazoezi ya shule.

Jibu tulilokubaliana ni hili: kabla ya kununua tunauliza, je, kitu hiki kitahama nasi tutakapopata mashine nyingine? SSD ya aina hii itahama. Kadi ya picha itahama pia, ikiwa boksi jipya lina nafasi yake. RAM ya DDR3 haihami, kwa hiyo tukachukua zilizotumika na za kutosha tu. Prosesa tuliiacha kabisa. Ungeweza kupata i7 ya miaka ile ikaingia, lakini ni fedha ya kuzika, kwa maana haina pa kuhamia.

Fundi alipomaliza, mashine iliwaka kabla hatujamaliza kuvuta viti. Kijana akacheza kipindi kizima bila picha kuganda. Halafu yeye mwenyewe, bila kuambiwa, akafungua Task Manager. Sasa RAM ilikuwa na nafasi, hadi diski imetulia, na kadi ya picha iko 100. Akasema, "Mama, sasa ni zamu ya kadi kweli." Tukacheka, ila hakukosea.

Safari hii tulimpa yeye kazi ya kuchagua, kwa maandishi. Akaleta karatasi yenye vipimo vya boksi alivyovichukua kwa rula: kadi lazima iwe fupi ya kimo, isizidi wati 75 ambazo tundu lake la kwenye mazabodi linaweza kutoa, na isihitaji waya wa pembeni. Alikuwa ameandika GTX 1050 Ti ya mwaka 2016 na GTX 1650 ya 2019, zile zilizotengenezwa fupi. Pembeni ameandika kwamba nyingine ni nene na zinachukua nafasi mbili, aulize kwanza. Baba yake aliisoma mara mbili, akaikunja akaitia katika mfuko wa shati.

Tulimwuliza pia kadi hiyo itachezesha nini. Akataja mpira, akataja na GTA V. Huo tulikataa. Kompyuta yetu inauweza, lakini Ulaya umewekewa alama ya miaka 18, na yeye ana 16. Mama, hizo alama zipo kwenye kasha, uziangalie kama unavyoangalia tarehe ya mwisho ya dawa. Alinuna siku mbili.

Kadi itanunuliwa likizo ya Desemba. Nusu ataitoa yeye kwa mayai ya kuku wake, nusu sisi, na siku hiyo tumemwandikia ukutani ili neno "ngoja" liwe na mwisho. Fedha ya chakula cha mchana hatumpi tena mkononi. Tunailipa shuleni kila mwanzo wa mwezi, na mama mpishi anatufahamu. Jumamosi iliyopita tulimpima. Amerudisha kilo 3.