Ufunguo wa seva ukae na mwenye duka

Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 Soko Kuu la Kariakoo liliungua. Duka langu la vitenge, Mtaa wa Uhuru, halikuguswa, lakini niliwaona wenzangu wakililia madaftari ya mali kauli kuliko hata mali yenyewe. Mwezi uleule nikampa kazi kijana mmoja fundi wa kompyuta: ahamishie hesabu zangu zote kwenye seva ya kukodi, huko wanakokuita kwenye wingu.

Miaka mitatu baadaye nilizihitaji ankara za 2022. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inatutaka tutunze kumbukumbu miaka mitano. Kijana alishahama mji, namba yake haipatikani. Deni la seva lilikuwa limelala, na kampuni ilikuwa imetuma onyo kwamba itaifuta. Kilichoniokoa ni laini yangu ya simu: akaunti ilisajiliwa kwa namba hiyo.

Nililipa deni. Jioni tatu mfululizo, grili ikishafungwa, nilikaa kaunta na binti wa dada yangu.

“Mama mdogo, bonyeza mwenyewe,” akaniambia, na nikabonyeza.

Tulibadilisha neno la siri kupitia ukurasa wa kampuni, kisha tukafungua programu ya FileZilla. Inataka anwani ya seva, jina la mtumiaji, neno la siri na namba 22. Kushoto inaonyesha kompyuta yako, kulia seva. Upande wa kulia ulipojaa mafolda yangu, machozi yalinitoka.

Picha za ankara nilizivuta zote jioni ya kwanza. Daftari la madeni halikuwemo. Kumbe lilikuwa ndani ya hifadhidata, na hiyo huwezi kuinakili kama picha. Inatolewa kwanza kwa amri ya mysqldump, ikawa faili moja, ndipo unaivuta. Asiyejua hilo atafunga seva akidhani kamaliza, na madeni ya wateja wake wa Zambia na Kongo yatakuwa yamekwenda na maji. Mimi sikuifunga mpaka nilipofungua faili hilo na kusoma majina yao, mmoja mmoja.

Fundi akiweka kitasa dukani hatuachani naye kabla hajakabidhi funguo zote. Fundi wa kompyuta tunamlipa, tunamshukuru, naye anaondoka nazo. Naiomba Jumuiya ya Wafanyabiashara Kariakoo ilisimamie hili: mkataba wa fundi uandikwe, akaunti iwe kwa jina na simu ya mwenye duka, na nakala ya hesabu ibaki kwenye diski nje ya duka. Majina na simu za wateja ni amana, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ni wajibu wa kisheria pia.

Jirani yangu wa mapazia seva yake inafungwa mwisho wa mwezi. Kompyuta yake iko hapa kaunta, tunaanza leo saa kumi na mbili jioni.