Barua kutoka California: Saa za Sajini Mstaafu

Katika jimbo la California, askari aliyestaafu hawi mpelelezi wa kibinafsi kwa sababu tu aliwahi kuvaa unifomu. Leseni ya kazi hiyo hutolewa na idara ya jimbo inayosimamia ulinzi na upelelezi. Mwombaji awe ametimiza miaka 18, alama za vidole vyake zipitiwe na wizara ya sheria ya jimbo na FBI, afaulu mtihani wa saa mbili, na zaidi ya yote athibitishe saa 6,000 za upelelezi wa kulipwa, yaani miaka mitatu ya saa 2,000 kila mwaka. Mwenye shahada ya sheria au ya sayansi ya polisi hupunguziwa hadi saa 4,000. Saa hizo haziaminiwi kwa mdomo. Mwajiri huziandika kwenye fomu, hueleza kazi yenyewe ilikuwa ya namna gani, kisha hutia saini akijua kuwa uongo humo ni kosa la jinai.

Tena si kila saa ya utumishi huhesabiwa. Kupeleka hati za mahakama kwa watu hakuhesabiwi. Kulinda mahabusu hakuhesabiwi, wala kusimamia utulivu katika chumba cha mahakama, wala kuchukua mali ya mdaiwa ambayo tayari inajulikana ilipo. Sheria inamuuliza mzee wa miaka 30 kazini swali moja: ni saa ngapi ulizitumia kutafuta jambo ambalo lilikuwa bado halijulikani? Pennsylvania, kwa sheria yake ya 1953, huuliza kwa njia nyingine: askari wa jiji hukubaliwa akiwa amekaa miaka mitatu kwenye cheo kilicho juu ya askari wa doria, na leseni hutoka mahakamani. Majimbo machache, Idaho na Mississippi yakiwamo, hayana leseni ya jimbo zima.

Njia ya kutoka polisi kwenda upelelezi wa kibinafsi ni ya zamani kuliko leseni yenyewe. Eugène-François Vidocq aliongoza makachero wa Paris kabla ya kufungua ofisi yake mwenyewe mwaka 1833. Allan Pinkerton naye alipitia kazi ya upelelezi wa polisi Chicago, na ofisi yake ikawa kampuni inayojulikana dunia nzima. Leseni zilikuja baadaye, baada ya watu kuona mpelelezi asiye na wa kumuuliza anaweza kufanya nini.

Barua hii imechochewa na picha iliyofika kupitia kundi la ukoo. Inamwonyesha sajini mstaafu wa upelelezi, aliyefanya kazi Pwani ya Kenya kwa zaidi ya miongo miwili, amekaa kwenye kiti cha plastiki langoni mwa duka kubwa, rungu mapajani. Kundi zima liliicheka picha hiyo. Aliyeiandika barua hii hakucheka. Ukiikuza picha unaona daftari la jalada gumu lililofunguliwa juu ya goti, na mwandiko ni uleule wa siku za kazi: saa kwa tarakimu nne, namba ya gari, halafu maneno machache ya kulitambua. “Taa ya nyuma kushoto imevunjika.” Hakuna aliyemwagiza kuandika hilo. Ndivyo alivyowafundisha vijana wake, kwamba namba hubadilishwa usiku mmoja lakini taa iliyovunjika husahauliwa. Mtu wa namna hiyo ameachiwa kazi ya kuinua na kushusha kizuizi, na watu wa nyumbani wanaona ni jambo la kuchekesha.

Hakuna aibu katika ulinzi wa lango. Walinzi wengi wa Kenya ni watu wa heshima wanaolipwa chini ya jasho lao. Aibu iko kwa nchi inayomfundisha mtu kupeleleza, ikamtumia miaka yake bora, kisha ikamwaga ujuzi wake siku ya kustaafu kama maji ya kuoshea vyombo. Sheria ya kusimamia ulinzi wa kibinafsi ilipitishwa mwaka 2016, na mpelelezi wa kibinafsi amewekwa ndani yake. Lakini ni sheria iliyofikiriwa kwanza kwa ajili ya mlinzi, yaani mafunzo yake, unifomu yake na kampuni yake. Mpelelezi ameingia humo kama mgeni aliyekaribishwa mlangoni bila kuonyeshwa kiti. Kipimo kinachomtenganisha mpelelezi wa kweli na mtu mwenye kamera na maneno matamu ni kile ambacho California huanza nacho: saa zilizoandikwa na kuapiwa.

Hapa ndipo penye jambo lenyewe, na aliyeandika barua hii analijua kwa maumivu. Alikuwa askari Kenya kwa miaka 11 kabla ya kuondoka, sita kati ya hiyo akiwa mpelelezi. Alipoomba nyumbani uthibitisho wa saa zake kwa ajili ya leseni ya California, alisubiri miezi mingi akajibiwa kwa karatasi moja yenye mhuri. Ilisema kwamba alihudumu kwa bidii na tabia njema. Haikutaja saa, wala kesi, wala kama alikuwa akipeleleza mauaji au akifungua geti la kituo. Aliyeitia saini hakuwa na ubaya wowote; aliandika kilichokuwa kwenye faili, na kwenye faili hakukuwa na kitu. Miaka sita ya kulala kwenye viti vya hospitali akisubiri majeruhi apate fahamu ikawa sifuri. Ilibidi aajiriwe chini ya mpelelezi mwenye leseni na aanze kuhesabu upya kutoka saa ya kwanza.

Dawa yake ni nyepesi. Kila mwisho wa mwezi mpelelezi ajaze ukurasa mmoja: namba ya jalada, aina ya kazi, saa alizotumia. Msimamizi wake wa upelelezi autie saini, nakala moja ibaki kituoni, nyingine achukue mwenyewe. Siku anapoondoka, kwa kustaafu au kwa kujiuzulu, apewe hati ya saa yenye jumla yake, iliyoapiwa. Mamlaka inayosimamia ulinzi wa kibinafsi nayo iweke leseni ya mpelelezi peke yake, yenye mtihani wake, na isimpe mtu leseni hiyo bila hati ya saa au miaka inayolingana chini ya mwenye leseni. Hakuna mtambo wa kununua. Kila tukio tayari lina namba kwenye kitabu cha matukio cha kituo, yaani OB, kila kesi ina jalada, na kila jalada lina shajara ya upelelezi ambamo mpelelezi hulazimika kuandika alikwenda wapi na alimhoji nani. Saa zimo humo tayari, zinasubiri kujumlishwa.

Watakaopinga wanajulikana. Wapo watakaosema hati itafichua watoa habari, ilhali namba ya jalada haimtaji mtu. Wapo watakaosema askari watajiongezea saa. Ndiyo sababu kila saa inafungwa kwenye jalada ambalo mtu mwingine anaweza kulifungua na kulinganisha. Wengine watanong'ona kwamba wapelelezi wazuri watakimbia kazi ya serikali wakishapata karatasi ya kuwatambulisha nje. Hao ndio wa kukemewa zaidi. Kumfungia mtu ujuzi wake ili asiondoke hakujamzuia yeyote, na aliyeandika barua hii ni ushahidi wa hilo, japo si ushahidi wa kujivunia. Aliondoka huku majalada mawili aliyoyafungua mwenyewe yakiwa bado mezani.

Leseni ina upande wake wa pili, nao ni kamba shingoni. Mwenye leseni wa California haruhusiwi kujitambulisha kana kwamba bado ni mtu wa serikali, wala kuonyesha beji. Leseni peke yake haimpi bunduki. Hawezi kurekodi mazungumzo ya siri bila ridhaa ya wote wanaozungumza, wala kubandika kifaa cha kufuatilia kwenye gari bila idhini ya mwenye gari. Makatazo ya namna hii yana sababu, na nyingine imeandikwa kwa damu. Mwaka 1989 mwigizaji Rebecca Schaeffer aliuawa mlangoni pake Los Angeles na mtu aliyekuwa akimwandama; anwani yake ilipatikana kupitia mpelelezi wa kibinafsi, kutoka kwenye rekodi za magari za jimbo. Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kulinda rekodi hizo mwaka 1994. Anthony Pellicano, mpelelezi wa matajiri wa Hollywood, alihukumiwa kifungo cha miaka 15 mwaka 2008 kwa mambo yaliyojumuisha kunasa simu za watu, na sajini wa polisi wa Los Angeles aliyemchimbia taarifa kwenye kompyuta za polisi alitiwa hatiani pamoja naye.

Kishawishi cha kuchimbiwa taarifa namna hiyo ndicho kikubwa kwa askari aliyestaafu popote. Bado ana namba za wenzake. Simu moja kwa rafiki aliyebaki kituoni inaweza kumletea jina la mwenye gari kabla chai haijapoa. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, lakini hata pamoja nayo kila mtu nyumbani anajua ni nani wa kupigiwa. Mstaafu asiye na leseni hana cha kupoteza akipiga simu hiyo. Mwenye leseni anaweza kuipoteza, na saa zake zote 6,000 pamoja nayo, na ndiyo sababu leseni inamlinda raia kuliko inavyomlinda mpelelezi.

Kazi halali ipo ya kutosha: kuchunguza madai ya bima, kutafuta warithi na mashahidi waliohama, kukagua wizi ndani ya kampuni. Kuna moja inayostahili kutajwa kwa upendo zaidi, nayo ni upelelezi wa upande wa mshtakiwa. Katika kesi za California zinazoweza kuishia kwenye hukumu ya kifo, mshtakiwa asiye na uwezo huombewa fedha za umma za kumlipa mpelelezi wake. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 50, inampa mshtakiwa wakili kwa gharama ya serikali pale ambapo haki ingepotea pakubwa bila wakili. Lakini wakili hatembei vichochoroni Likoni akimtafuta kijana aliyeuza sigara usiku wa tukio. Sajini mstaafu anajua kutembea huko, na anajua pia jalada la polisi huwa limeacha nini.

Kwa waliokwisha kuondoka kazini, ambao hakuna aliyewajazia ukurasa wowote, iko njia ya kurudi nyuma. Mpelelezi aliyewahi kusimama kizimbani kama shahidi wa mashtaka ametajwa kwenye mwenendo wa kesi, na majalada ya mahakama za Mombasa na Shanzu yana tarehe zake. Kwa kutumia namba za kesi hizo, aliyekuwa msimamizi wake anaweza kuapa hati ya saa hata miaka mingi baadaye. Wasimamizi wengine wako nje ya nchi, na wao ndio wanaodaiwa zaidi, maana waliondoka bila kuwaandikia vijana wao hata mstari. Hati za namna hiyo huweza kuapiwa mbele ya ubalozi mdogo wa Kenya, Los Angeles. Mbili zimeshatiwa saini, za makonstebo wawili waliokuwa chini ya aliyeandika barua hii. Ya tatu ni ya sajini wa langoni. Yeye alikuwa mkubwa na mwalimu wa aliyeandika barua hii, kwa hiyo haiwezi kuwa hati ya msimamizi. Itakuwa kiapo cha mwanafunzi aliyemwona kazini. Imeshaandikwa yote isipokuwa namba za kesi, na namba hizo, kwa jinsi anavyojulikana, zimo kwenye daftari fulani chini ya kitanda chake.