Kijana Anayelala Alfajiri si Mvivu

Nilipofika nyumbani Nyarugusu kwa likizo ya Desemba, dada yangu alinipokea na shtaka kabla hajanipa hata kiti. "Kaka, mwanao amegeuka popo," alisema, akielekeza kidole kwenye mlango wa chumba cha kijana wake. Ilikuwa imepita saa tano asubuhi na kijana alikuwa amelala fofofo. Chuo cha ufundi anakosoma kilikuwa kimemwandikia barua ya onyo, kwa kuwa vipindi vya saa mbili asubuhi alikuwa amevikosa karibu muhula mzima. Barua ya pili ingemtoa chuoni. Shemeji yangu alikuwa ameshapata tiba: ndoo ya maji baridi kila siku saa kumi na mbili asubuhi, mpaka uvivu umtoke.

Mpwa wangu alipoamka alinipa shikamoo akakaa kimya, kama mtu aliyezoea kesi yake kusikilizwa bila yeye. Nilimwuliza usingizi humjia saa ngapi. Alisema saa kumi alfajiri, pengine na nusu. Hata akizima taa saa nne usiku, hukaa macho gizani akisikiliza makarasha yakisaga mawe ng'ambo ya barabara. Hanywi pombe, hatafuni mirungi. Usingizi ukishamchukua, hulala vizuri saa saba au nane, mradi aachwe. Kisha akanikumbusha jambo ambalo kila mtu pale nyumbani alilijua, ila hakuna aliyelihusisha na ndoo ya maji: kabla ya kwenda chuo alifanya kazi karashani miaka miwili, zamu ya usiku, saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi. Ada ya mwaka wa kwanza ilitoka humo.

Ninaandika makala haya kwa sababu nimelichoka neno "uvivu" linavyotumiwa katika mikoa yetu ya dhahabu. Kijana huyu aliuza usiku wake ili apate ada. Sasa chuo kinamdai usiku uleule kwa mara ya pili, na safari hii hana cha kuuza.

Tuanze na mwili wenyewe. Mwaka 2017 Tuzo ya Nobel ya tiba ilikwenda kwa Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, kwa utafiti wao juu ya inzi wadogo wa matunda. Walionyesha kwamba ndani ya seli mna jeni ambazo protini zake hulimbikizana usiku na kuvunjika mchana, mzunguko baada ya mzunguko, bila kuhitaji kengele ya nje. Kwa binadamu, msimamizi wa mizunguko hiyo ni kifundo kidogo cha seli za neva ndani ya ubongo, juu kidogo ya mahali mishipa ya macho inapopishana. Saa hiyo ikiachwa peke yake haitimizi siku sawasawa. Kwa wastani huzidi saa 24 kwa dakika kumi hivi. Mwanga wa asubuhi unaoingia machoni ndio unaoisahihisha kila siku.

Mwanga huo ukiondolewa, hesabu hupotea. Mwaka 1962 Mfaransa Michel Siffre alijifungia pangoni miezi miwili bila saa wala jua. Walipomwambia ni Septemba 14, yeye kwa hesabu yake alikuwa bado yuko Agosti 20. Kwetu Kanda ya Ziwa hatuhitaji kusafiri hadi Ulaya kulifikiria giza la namna hiyo. Novemba 2015, Nyangalata wilayani Kahama, wachimbaji watano walitolewa ardhini wakiwa hai baada ya siku 41. Siffre aliingia pangoni kwa hiari, akiwa na chakula na taa. Wenzetu walikuwa wamefukiwa.

Lugha yetu, kwa njia yake, ilikwisha kulijua jambo hili. Mswahili huanza kuhesabu saa jua linapochomoza, na saa moja yetu ni saa moja ya mwanga. Wasukuma wana mwangaluka ya asubuhi na mwadila ya baadaye, na anayeikosea huchekwa. (Nimemwona mchimbaji akipanda kutoka duarani saa moja asubuhi, akaambiwa mwangaluka, akajibu kwa Kiswahili, "Mimi sijalala bado." Watu walicheka. Alikuwa anasema kweli tupu.) Wapanga ratiba ndio wanaosahau. Tanzania nzima hufuata saa moja, ilhali jua huchomoza Geita karibu nusu saa baada ya kuchomoza Dar es Salaam. Mtoto wa Nyarugusu na mtoto wa Temeke huamshwa kwa saa ileile ya ukutani, lakini si kwa saa ileile ya jua.

Alichonacho mpwa wangu kina jina katika tiba tangu mwaka 1981, pale Elliot Weitzman na wenzake wa New York walipoeleza juu ya watu ambao hawakosi usingizi, bali usingizi wao wote umesogea mbele kwa saa kadhaa. Waache walale wanapoweza na waamke wanapoamka, hutawaona na kasoro. Walazimishe kufuata ratiba ya wengine, wataishi kama wagonjwa. Ujana wenyewe huisogeza saa ya mwili mbele kidogo. Ukiongeza miaka miwili ya kukesha chini ya taa kali na kulala mchana chini ya bati la moto, umepata kijana wa dada yangu.

Hapa ndipo ndoo ya maji inaponitia wasiwasi, na si kwa sababu ya huruma tu. Mwanga una tabia ya ajabu: unaweza kuisogeza saa ya mwili mbele au kuirudisha nyuma, kutegemea umeupata wakati gani. Mpaka uko karibu na wakati joto la mwili linapokuwa chini kabisa, yaani saa mbili au tatu hivi kabla ya mtu kuamka kwa kawaida yake. Mwanga unaopatikana baada ya mpaka huo huurudisha usingizi kwenye saa za mapema. Unaopatikana kabla yake huuchelewesha zaidi. Mtu anayeamka saa kumi na mbili asubuhi ana mpaka wake usiku wa manane, kwa hiyo jua la asubuhi ni dawa kwake. Kijana anayeamka saa sita mchana ana mpaka wake kati ya saa tatu na saa nne asubuhi. Ukimburuta nje saa kumi na mbili na kumweka juani, mwili wake unapokea ule kama mwanga wa jioni, na usiku unaofuata atachelewa kulala zaidi ya jana. Baba atasema mtoto ni mkaidi. Kumbe tiba ndiyo inayokuza ugonjwa.

Tulichofanya ni hiki. Siku mbili za mwanzo tulimwacha aamke mwenyewe, saa sita mchana, akatoka mara moja kukaa nje kwenye ukingo wa kivuli cha mwembe, uso ukielekea uwanjani, kwa muda wa saa nzima. Hakulitazama jua; mwanga wa nje unatosha, hata siku ya mawingu, kwa sababu unauzidi mara nyingi mno ule wa chumba chenye dirisha dogo. Baada ya hapo kila siku mbili tulirudisha saa ya kuamka nyuma kwa nusu saa, na chai yake ya kwanza ikamfuata huko huko nje. Jumapili haikuwa na msamaha. Jioni tulifanya kinyume: taa nyeupe ya sebuleni ilizimwa ikabaki ndogo ya manjano, na simu ilikwenda chumbani kwa mama yake muda wa saa mbili kabla ya kulala. Soda za kuongeza nguvu zilipigwa marufuku tangu mchana, kwani kafeini huchukua saa tano hivi kupungua nusu mwilini. Hatukumlazimisha kulala. Tulisimamia kuamka tu, na usingizi ukafuata polepole, kama ng'ombe anayemfuata mwenye chumvi.

Sitaki kuwadanganya kwamba mambo yalikwenda wima. Siku ya kumi na mbili rafiki yake wa zamani alimpigia simu kwamba karashani pamepungua mtu. Alikwenda, kwa sababu alihitaji nauli ya kurudi chuo, nami sikuwa na uso wa kumzuia. Usiku mmoja ule uliturudisha nyuma siku nne. Mwishoni mwa likizo alikuwa anaamka saa kumi na mbili na nusu bila ndoo. Mwenye sonona, au mwenye maradhi mengine ya akili, asianze hivi peke yake. Aanze kwa daktari, na vidonge vya melatonini viwe jambo la daktari pia.

Wanafunzi wangu wanaosoma hapa najua mnachofikiri, kwamba wengi wenu hamjawahi kuiona karasha na bado mnalala alfajiri. Ni kweli. Kampuni za simu zinawauzia vifurushi vya usiku kwa bei ya chini kuliko vya mchana, nanyi mnapakua mihadhara, na filamu, wakati mtandao ni wa bei nafuu. Kwa mwenye fedha kidogo huo ni uamuzi wa busara. Lakini tuuite kwa jina lake: ni soko linalomlipa maskini punguzo ili asilale. Mwenye fedha hununua data saa nane mchana.

Sasa turudi kwenye sheria. Sheria ya Ajira na Uhusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 20, inauhesabu usiku kuwa kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Inamkataza mwajiri kumfanyisha kazi usiku mtoto wa chini ya miaka 18, na mjamzito katika miezi miwili kabla ya kujifungua. Inaamuru kila saa ya usiku ilipwe nyongeza isiyopungua asilimia tano ya mshahara wa msingi. Sheria hiyohiyo inaweka ukomo wa saa 12 za kazi kwa siku, ziada ikiwemo, na mapumziko ya saa 12 kati ya siku na siku. Ni maneno mazuri. Ila waulize vijana wa maduara na makarasha ya Nyarugusu mshahara wao wa msingi ni upi. Wengi hulipwa kwa mgawo: mifuko ya mawe, au fungu la kinachopatikana. Asilimia tano ya nini? Usiku wao hauna bei kwa sababu mchana wao pia hauna bei iliyoandikwa mahali.

Mwaka 2007 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka kazi ya zamu inayovuruga saa ya mwili katika kundi la mambo ambayo huenda yanasababisha saratani, na mwaka 2019 likapitia ushahidi upya na kuliweka palepale. Ajali hazihitaji hata miaka. Bhopal 1984 na Chernobyl 1986 zote zilitokea baada ya saa sita usiku. Duarani, anayefunga kamba na kukagua matimba saa tisa usiku ni mtu ambaye mwili wake unaamini amelala.

Sidai karasha zizimwe jua likizama. Aliyekopa kununua mashine hawezi kuilaza, na taifa linalozindua biashara ya saa 24 Kariakoo haliwezi kuifungia Nyarugusu usiku. Ninadai mambo madogo zaidi. Wakaguzi wa Tume ya Madini na wa OSHA wanapokuja kutazama matimba na kamba, waulize pia daftari la zamu: nani alifanya kazi jana usiku, na juzi, na alipumzika saa ngapi. Mikataba ya mgawo iandikwe, na usiku uwe na fungu lake. Mwenye karasha ajenge chumba kimoja chenye giza na hewa, kwa kuwa anayetoka zamu na kutembea maili moja juani kabla ya kulala ameirudisha saa yake kwenye mchana kila siku, na mwili wake hautauzoea usiku hata akifanya kazi miaka kumi. Na vyuo vyetu, kikiwemo changu, kabla ya kuandika barua ya onyo viulize swali moja: mwaka jana ulikuwa unafanya kazi wapi, na saa ngapi? Katika miaka yangu yote ya kufundisha, na nimeandika barua hizo nyingi, sikuwahi kuliuliza.

Mpwa wangu alirudi chuo Januari. Barua ya onyo bado imo kwenye jalada lake. Jioni ya mwisho ya likizo yangu nilipita pale karashani kuwaaga niliokua nao. Aliyekuwa akipakia mawe alikuwa kijana mgeni kwangu, vumbi limemfika nyusi, ndiyo kwanza zamu yake inaanza. Novemba alikuwa amemaliza mtihani wa kidato cha nne. Nilimwuliza anafanya nini hapo.

"Natafuta ada, mwalimu."